Jirani wa juu anatazama baraza yangu: nipande sipre?

Swali: *Ninakaa Bukavu, upande wa Muhumba, kwenye mteremko. Jirani wa juu amejenga nyumba ya etaji na balkoni yake inatazama moja kwa moja kwenye baraza yetu. Mpaka kati yetu una urefu wa mita 22. Watu wananiambia sipre inakua haraka, na mtu wa pepinyeri (kitalu cha miche) ameshaniletea miche mitano ya kuanzia. Kwenye simu nimeona pia mbegu za sipre ya Ulaya wanayoiita Leylandii, eti inapanda mita moja kwa mwaka. Nipande ipi, na niache nafasi gani kati ya mche na mche?*

Jibu: Mama, usipande sipre kwenye mita hizo 22, wala ya hapa wala ya Ulaya. Sipre si mti mbaya. Tatizo ni kwamba kimo unachokihitaji pale mpakani kinapita kimo ambacho mtu anaweza kukitunza kwa mkasi mwaka baada ya mwaka, na sipre ikishakushinda huwezi kuirudisha chini. Yale macho ya balkoni yana dawa nyingine, fupi na ya haraka zaidi, nayo haiko mpakani kabisa.

Kabla ya kuchagua mti, tafuta kimo. Fikiria uzi ulionyooshwa kutoka kwenye jicho la mtu aliyesimama balkoni hadi kwenye kichwa chako ukiwa umekaa barazani. Kitu chochote kinachoukata uzi huo kinakuficha. Kilicho chini yake, hata kiwe kinene namna gani, hakikusaidii. Vipimo hukuandika, basi tuchukue vya kawaida kwa mitaa ile: sakafu ya etaji mita 3 juu ya ardhi, jicho mita 1.5 juu ya sakafu hiyo, na parsele yake imeipita yako kwa mita 2. Jicho lake liko mita 6.5 juu ya sakafu ya baraza yako. Tuseme balkoni iko mita 6 kutoka mpakani, wewe umekaa mita 8 kutoka mpaka huo huo, na kichwa chako kiko mita 1.2 juu ya sakafu.

Uzi huo unashuka mita 5.3 ndani ya mwendo wa mita 14. Ukifika mpakani umeshuka mita 2.3 tu, bado uko mita 4.2 juu ya usawa wa baraza yako. Kama ardhi ya mpakani imeinuka mita 1 kuliko baraza, uzio wako unahitaji mita 3.2, kama imelingana, mita 4.2 kamili. Sasa fuata uzi huo huo hadi mita 2 kutoka pale ulipokaa. Pale umebaki mita 2 juu ya sakafu. Ukitaka kujificha hata ukisimama, kichwa kikiwa mita 1.7, unahitaji mita 2.4.

Kizuizi kikiwa karibu na anayetazamwa kinakuwa kifupi, kikienda katikati ya safari kinarefuka. Pazia la mita 2.4 mbele ya baraza linafanya kazi ile ile ya uzio wa mita 4 kule mpakani, na halihitaji mita 22, linahitaji upana wa baraza yako na ziada kidogo kila upande.

Usiniamini kwa hesabu peke yake, jaribu. Simamisha fito mbili ndefu mita 2 mbele ya pale unapokaa barazani, funga kamba kwenye kimo cha mita 2.4, tundika vitenge vya zamani. Kaa kwenye kiti chako cha kila siku uitazame balkoni, halafu sogea kushoto na kulia hadi mwisho wa baraza. Ukiona balkoni inachungulia pembeni, ongeza kitambaa upande huo na uweke alama. Ukielewana na jirani, mwombe mtoto mmoja apande juu akuambie anaona nini. Nusu siku ya kazi hiyo itakupa kipimo chako halisi, na vipimo vyangu vya kukisia uviache.

Nirudi kwenye sipre, maana najua mtu wa pepinyeri atakuja tena. Ile inayouzwa Bukavu ni sipre ya milima ya Meksiko na Guatemala, ingawa jina lake la kisayansi, *Cupressus lusitanica*, linaitaja Ureno. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 hivi na mvua zetu inaongeza mita moja kwa mwaka bila shida, na katika udongo mzuri hata zaidi. Ikiachwa inafika mita 30. Haijui kwamba wewe ulitaka mita nne.

Jambo ambalo muuzaji hakuambii liko ndani ya matawi. Fungua kwa mikono uzio wowote wa sipre wenye miaka mitano uangalie katikati: kijani ni ganda la nje tu, kina chake kama shubiri moja au kidogo zaidi. Ndani ni vijiti vya kahawia, vikavu, bila jani. Vijiti hivyo havichipui tena. Ukikata hibiskus hadi kwenye gogo, inarudi na matawi mapya. Ukiikata sipre ukavuka ganda la kijani, umefungua dirisha ambalo halitafungwa maisha yote ya mti huo. Ndiyo maana uzio wa sipre uliosahauliwa misimu miwili hauwezi kupunguzwa unene: ama unauacha uzidi kuvimba, ama unaung'oa.

Kwa hiyo mkasi ni wa lazima. Ulaya wanakata mara mbili kwa mwaka kwa kuwa baridi inausimamisha mti. Kwetu mti haulali, hesabu mara tatu: Oktoba mvua zikishaanza vizuri, mwishoni mwa Januari, na mwanzoni mwa Mei. Uzio wa mita 22 wenye kimo cha mita 4.2, pande zote mbili pamoja na juu, ni mita za mraba 200 hivi za kukata kila mara, yaani 600 kwa mwaka, nyingi zake juu ya ngazi iliyosimama kwenye mteremko wenye matope, na upande mmoja ukiwa kwenye parsele ya jirani. Mtu anaanguka. Halafu kuna rundo la matawi ambalo ng'ombe hali na mbuzi halitaki.

Leylandii, Mama, haina mbegu za kuuza. Ni chotara wa sipre mbili za Amerika Kaskazini, ya Nootka na ya Monterey, waliokutana kwenye bustani ya Leighton Hall, Wales, 1888. Kama nyumbu, karibu haizai. Inaongezwa kwa vipandikizi vya matawi tu. Anayekuuzia mbegu zake kwenye simu anakutumia mbegu za mti mwingine. Na huko inakojulikana sana imeleta ugomvi wa majirani hadi Uingereza ikaingiza nyua ndefu katika sheria ya 2003 ya kuzuia usumbufu: uzio wa miti isiyopukutisha majani ukipita mita 2 na ukamnyima jirani mwanga, anaweza kuupeleka kwa halmashauri. Mti ni ule ule wa sifa ya mita moja kwa mwaka. Sifa hiyo ndiyo kosa lake.

Kuna na mdudu. Vidukari vya sipre vilionekana Malawi mwaka 1986, na kwa miaka michache vikapanda kaskazini hadi Kenya na nchi za Maziwa Makuu, vikiua mashamba na nyua. Vina rangi ya kahawia na kijivu, vinakaa kwa makundi kwenye matawi ya ndani, si kwenye ncha za kijani unazoziona ukipita. Vinafyonza maji ya mti, na mate yake ni sumu kwa tawi. Dalili ya kwanza ni chungu wanaopanda na kushuka shina bila kukoma, kisha majimaji yanayonata kwenye majani na masizi meusi juu yake, kisha mabaka ya njano yanayogeuka kahawia. Mabaka yakishakuwa kahawia, tawi limekwenda. Kiangazi ndipo mashambulizi yanapouma zaidi, kwa kuwa mti una kiu. Sabuni ya maji, mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, ikipulizwa jioni na kurudiwa baada ya siku 7, inawaua wale inaowagusa. Shida ni kuwagusa: uzio uliokatwa vizuri umefungamana, na dawa inaishia nje. Kinachofanya uzio uwe mzuri ndicho kinachowapa vidukari nyumba.

Matawi yakikauka moja moja, gome likipasuka na utomvu ukitiririka hapo, huo si mdudu bali kuvu, na dawa yake haipo. Unakata sentimita 15 chini ya kidonda na kusafisha makali kwa javeli kila baada ya tawi.

Kwako wewe, hata hivyo, mteremko ndio unaonipa wasiwasi kuliko hayo yote. Jirani yuko juu, basi mpaka wenu umekingama mteremko, na miti itasimama juu ya nyumba yako. Sipre moja ya mita 12 iliyokushinda, ikiangushwa na upepo wa mvua mita 8 kutoka barazani, inafika kwenye manjanja ya paa lako. Chini ya sipre nyasi hazioti: kivuli ni kizito, mizizi iko juu juu na inanyonya maji yote. Udongo unabaki uchi, na mvua ya Bukavu unaijua inavyoufanya udongo mwekundu ulio uchi. Usimkubalie pia mtu atakayekuchimbia mtaro mmoja wa mita 22 ili apande haraka. Mtaro unaokingama mteremko wa udongo wa mfinyanzi unajaa maji, maji yanazama pale pale, na ukuta ulio chini ndio unaoyapokea.

Kama kwenu kuta zinapasuka kila masika, nguzo zinainama au milango inaanza kukwama, huo ni mteremko unaosogea, jambo ambalo watu wa mtaa wa Funu, hapa Bukavu, wanalijua vizuri. Mwendo wa namna hiyo mara nyingi uko chini sana kuliko mizizi ya uzio wowote. Hapo usitegemee mti uushike. Tafuta mtu wa ujenzi aangalie njia za maji kwanza.

Basi, pazia la baraza. Ningepanda marakuja ya zambarau, ile ambayo wengine huiita pasheni. Mwinuko wetu inaupenda, inafunika haraka, na unakula matunda yake. Kwa urefu wa mita 6 unahitaji nguzo nne za mkaratusi zenye mita 3, zikizikwa sentimita 60 na kubakiza mita 2.4 juu, nafasi ya mita 2 kati yake. Sehemu inayozikwa, pamoja na shubiri moja juu ya ardhi, ichome moto hadi ipate ganda jeusi au ikaushe vizuri na kuipaka mafuta machafu ya injini, mara mbili. Nguzo za mwisho zitie mkono wa kuzishikilia kwa pembe, la sivyo uzito wa marakuja mvua ikinyesha utazivuta zikutane katikati. Pitisha waya wa mabati wa milimita 2.5 au 3 kwenye kimo cha mita 2.3, mwingine 1.6, mwingine 0.9.

Miche mitatu inatosha, mmoja katikati ya kila nguzo mbili. Mashimo ya sentimita 45 kila upande, na bidoni moja ya lita 20 ya mbolea iliyooza vizuri kwa kila shimo, ikichanganywa na udongo wa juu. Mwagilia, weka majani makavu juu, yasiguse shina. Acha shina moja au mawili ya kila mche yapande kwa kamba hadi waya wa juu, ukiondoa matawi yote ya pembeni njiani. Shina likifika waya wa juu, kata ncha, uelekeze matawi kushoto na kulia, na yale yanayozaliwa hapo yaachie yaning'inie. Hayo yanayoning'inia ndiyo pazia lako, na ndiyo yanayozaa. Wengi huyafunga yote juu na kupata paa nene na dirisha chini yake.

Ukipanda mwanzoni mwa mvua, Septemba mwishoni au Oktoba, kabla ya kiangazi kijacho pazia linakuwa limefunga. Kwa miezi hiyo ya katikati funga matete kwenye nyaya hizo hizo: unapata faragha siku unayomaliza kusimamisha nguzo, na yakichakaa marakuja imeshika zamu. Marakuja haiishi kama mti. Miaka mitatu au minne inachoka, kwa hiyo mwaka wa tatu panda mingine kwenye nafasi mpya, si kwenye mashimo ya zamani, kwa sababu kuna ugonjwa wa kunyauka unaobaki kwenye udongo. Ukiona majani yana mabaka na matunda yanakuwa magumu kama jiwe, hicho ni kirusi. Ng'oa mche huo, na kisu ulichokatia usikipeleke kwenye mzima kabla ya kukisafisha.

Maji ya paa yasimwagike hapo. Mizizi ya marakuja ikikaa kwenye maji siku mbili tatu inaoza.

Mpakani nako pasibaki uchi, lakini panda kitu kinachokubali panga. Chaguo langu kwa mteremko ni kaliandra. Mbegu zinalowekwa maji baridi siku mbili, miche inapandwa kila sentimita 50, yaani 44 kwa mita zako 22, kila mmoja kwenye shimo lake. Ikipita mita 1.5 ikate, usishuke chini ya mita moja kwa mwaka wa kwanza. Inachipua upya kila mara, majani yake sungura na mbuzi wanayala, nyuki wanayafuata maua, na mizizi yake inaushika udongo wa juu. Hibiskus nayo ni nzuri kwa vipandikizi vya bure. Duranta inapendeza, ila vile vitunda vyake vya njano ni sumu kwa watoto. Mnyaa una maziwa yanayounguza macho, usiuweke mahali ambapo watoto wanacheza. Na kama moyo wako umeshikamana na mti wa aina ya sipre, kuna podokapu, wa misitu ya Kahuzi huko juu: anakua polepole, lakini anavumilia kukatwa kuliko sipre na haharibiki kwa kosa moja la mkasi.

Nisisitize kwamba kuna watu ambao sipre inawafaa: parsele tambarare, uzio wa mita 2 hivi, nafasi ya mita moja kamili ndani ya mpaka ili mkasi uzunguke pande zote, na mtu ambaye kazi yake ya kudumu ni kuukata. Walio Goma juu ya mawe ya volkano ya 2002 udongo wao ni kidogo mno, na kila shimo inabidi lijazwe udongo uliobebwa. Lubumbashi kiangazi cha miezi mitano sita kinataka mpira wa maji karibu. Hata Bukavu maji ni hesabu: mita zako 22 kwa nafasi ya sentimita 75 ni miche 29, lita 5 kwa kila mmoja mara mbili kwa wiki, bidoni 14 hadi 15 kila wiki, kwa wiki 12 za kiangazi cha kwanza. Bidoni 174 hizo, siku ambazo bomba limekauka, kuna mtoto anayezipandisha mlima.

Ile miche mitano uliyokwisha kuletewa usiitupe. Fungua sashe moja chini uangalie mizizi. Ikiwa imejizungusha kama kamba ndani ya ndoo, kata sentimita 2 za chini kwa wembe na uinyooshe, maana mzizi uliojizungusha unajinyonga mwenyewe na mti unaanguka baada ya miaka. Ipande mahali tambarare, mbali na jiko la mbabula kwa kuwa vijiti vya ndani vinashika moto upesi, na mita 3 kutoka kwenye bustani ya lengalenga. Kila sentimita 75 itakupa uzio mfupi wa mita 3.75, unaotosha kuficha choo cha nje au shimo la takataka. Kata pembeni tangu mwaka wa kwanza, chini pawe pana kuliko juu, sentimita 90 kwa 50, ili mwanga ufike matawi ya chini yasikauke. Ncha iache ipande hadi mita 2, kisha ishushe sentimita 15 chini ya hapo, na kuanzia siku hiyo isipite tena kimo ambacho mkono wako unakifikia ukiwa umesimama chini.